Kilele Kilichoshushwa Kupakwa Rangi

Mimi ni fundi wa vibao katika ofisi ya msitu wa hifadhi, na kabla hujanicheka, jua kwamba siku ukipotea humo ndani kitakachokutoa ni maandishi yangu. "Usilishe nyani" ni mkono wangu. "Daraja limeoza, piteni mmoja mmoja" ni mkono wangu pia, na daraja hilo limeoza tangu nilipoajiriwa. Lakini mkubwa wao wote ni kibao cha kileleni: ubao mpana kama mlango, wenye miguu miwili, kijani, herufi nyeupe, HAPA NDIPO KILELENI. Nimekipaka rangi kila mwaka kwa miaka kumi na mitano. Kileleni kwenyewe sijafika hata siku moja. Sababu yake nitaisema, ila si sasa hivi, maana bado inaniuma.

Kwanza ujue habari ya kifungu cha kumi na nne. Mlima wetu una nundu mbili juu, na hakuna ajuaye ipi imeizidi mwenzake. Waongozaji wa njia ya mashariki walisema yao ndiyo kilele, wa njia ya magharibi wakasema yao, na ikafika mahali wageni wanashuka na manundu yao wenyewe kichwani. Kamati ikakaa siku tatu, ikachoka, ikaandika: "Kilele ni mahali kilipo kibao cha kilele." Wakasimika kibao kwenye nundu iliyokuwa karibu na chakula chao, wakala, wakashuka. Hakuna aliyekumbuka kwamba kila mwaka kibao hicho kingeteremshwa kuja kwangu kupakwa rangi upya.

Zamani haikuwa shida. Kibao kilishuka Jumatatu, kikarudi Ijumaa, na siku za katikati mlima ulifungwa. Mwaka huu tukapata Mkuu mpya, aliyehamishwa kutoka idara ya mizani na vipimo, mtu ambaye hata sabuni ya kunawia husoma kwanza maelekezo yake. Habari ya kufunga mlima hakuambiwa, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamwambia. Jumanne alasiri wakashuka wageni kumi na mmoja wamefura kwa hasira. Walikuwa wameondoka alfajiri, wakapanda mpaka juu, wakakuta mashimo mawili ya miguu ya kibao na kunguru mmoja. Walitaka vyeti vyao vya kufika. Mkuu akawasikiliza hadi mwisho, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kifungu cha kumi na nne mara mbili, akavua miwani.

"Hamjafika bado," akawaambia. "Kilele kiko chumba cha pili, kushoto. Pandeni ngazi taratibu."

Chumba cha pili kushoto ni karakana yangu. Wakaingia kwa mstari, wakajipanga mbele ya kibao kilichoegemea ukuta kati ya makopo ya rangi na ngazi yangu ya mbao, wakapigana picha. Mmoja alikikumbatia, na shati lake likaondoka na nusu ya neno HAPA. Mwingine alilia, akasema alimwahidi marehemu mama yake. Nikampa kitambaa cha kufutia brashi.

Kuanzia kesho yake mambo yalikwenda mrama, lakini kwa utaratibu mzuri sana. Kanuni zinasema eneo la kilele ni mita thelathini kuzunguka kibao. Mkuu akapima kwa utepe, akakuta ndani yake mna karakana, mapokezi, ofisi yake mwenyewe na nusu ya choo. Kileleni hairuhusiwi kuwasha moto, basi birika la chai likatolewa nje. Hairuhusiwi kupiga kelele, miamba isije ikaporomoka, basi tukawa tunanong'ona hata kwenye simu. Na hairuhusiwi mtu kukaa zaidi ya nusu saa, kwa ajili ya hewa nyepesi. Karani wa mapokezi, kijana mnene mwenye heshima zake, ikambidi kila nusu saa afunge droo, ashuke ngazi tisa za mbele, avuke uwanja, azunguke mti wa mwisho, apande tena na kutia saini daftari la kileleni. Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amefika kileleni mara thelathini na mbili. Akapewa nishani. Akaanza kuuzungumzia mlima kwa sauti ya mtu anayefahamiana nao.

Mimi nilikuwa napiga hatua za nusu saa kama wenzangu, huku nanuna. Na jioni hiyo nikamhadithia baba yote hayo mezani, nikitaka acheke kidogo.

Hapa inabidi nimweleze baba. Baba alikuwa mwongozaji wa mlima miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu humwita Mzee Njia. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, daktari akasema umeunga vizuri kuliko alivyotarajia, lakini baba alikataa kutembea. Alitoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kitandani, basi. Daktari alinivuta pembeni akaniambia bila kupaka mafuta: asipotembea kabla mvua hazijaisha, miguu itakufa, na baada ya hapo tutakuwa tunamgeuza kitandani hadi siku yake. Nilimbembeleza. Shangazi, dada yake, anayeishi nasi, alimtukana, maana ndivyo anavyobembeleza yeye. Baba alituambia kuzunguka nyumba si kutembea, ni kutumikia kifungo. Alisema hajawahi kupiga hatua moja ambayo haielekei kileleni, na hataanza sasa.

Kwa hiyo nilipofika kwenye sehemu ya karani na nishani yake, baba hakucheka. Aliacha kutafuna.

"Kifungu kinasemaje?" akauliza.

Nikamsomea kwa kichwa. Akaniuliza kutoka hapa hadi karakana ni umbali gani. Nikamwambia mita mia saba hivi. Akasukuma sahani, akaniambia nilete karatasi na kalamu, halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa mtoto: njia ziko ngapi?

Zilikuwa tatu. Baba alizichora palepale, na shangazi akishika taa ya simu ili asiharibu macho. Njia ya kwanza ilipita barabara kuu, nyepesi, ila imejaa watu na baba alisema ni ya wageni. Ya pili ilipanda kwa mfereji nyuma ya kiwanda cha mbao, fupi lakini kali, ya vijana wasio na wazazi. Ya tatu ilizunguka kwa shule, ikapita mbele ya cherehani ya fundi nguo, ikavuka kalavati na kupanda polepole mpaka ngazi za ofisi. Baba alichagua ya tatu. Akaweka kambi tatu: Kambi ya Kwanza langoni kwetu, ya Pili kwa fundi nguo, ya Tatu kwenye kalavati. Akasema mwili lazima uzoee, kila siku unapanda kidogo zaidi ya jana na kurudi kulala chini. Wiki sita, kwa uchache.

Nikamwambia kilele kinaondoka kesho, Ijumaa.

Akanitazama. "Wewe ndiye mpaka rangi," akasema.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na naikiri bila aibu. Rangi ya mafuta hukauka kwa siku mbili. Yangu ilichukua wiki sita. Kila asubuhi nilipaka upya herufi moja, leo K, kesho I, na kila Mkuu alipochungulia nilimwonyesha kidole changu cheupe, naye akaandika "bado mbichi" kwenye fomu aliyoibuni kwa kazi hiyo. Mji mzima ukawa na viganja vya rangi. Ukimpa mtu mkono sokoni unajua amefika kileleni.

Siku ya kwanza baba alifika mlangoni, akashika fremu, akatazama lango kwa muda mrefu, akarudi. Siku ya nne alifika langoni: hatua arobaini na moja. Aliagiza benchi liwekwe pale na kibao, nami nikakipaka kama alivyotaka: KAMBI YA KWANZA. KILA MZIGO LAZIMA UPUMZISHWE HAPA. Shangazi ndiye alikuwa mpagazi. Alibeba chupa ya chai, mto, koti la mvua na malalamiko, akitembea nyuma kwa sababu baba alisema mpagazi hatangulii. Fundi nguo aliitolea kambi yake kiti, akawa anaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja saa ambayo msafara umefika na hali ya hewa. Siku moja baba alimkataza mteja mmoja wa fundi asiendelee mbele kwa sababu alikuwa amevaa kandambili. Yule mtu alikuwa anaenda dukani kununua chumvi. Alirudi kubadilisha viatu.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikuwa nachungulia dirisha la karakana nikiwaona kwa mbali wanakaribia kalavati, kofia ya baba na mwavuli wa shangazi, nikasahau brashi hadi herufi ikapinda.

Lakini baba alikuwa na sheria moja, na aliirudisha pamoja na mambo mengine yote. Saa saba mchana, popote ulipo, unageuka. Hajali umebakiza nini. Mlima mchana huvaa wingu, na anayeng'ang'ania saa saba hushushwa kwa machela. Sheria hiyo naijua vizuri. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili aliniahidi kunipeleka kileleni, mimi peke yangu, bila wageni. Nilikuwa nimenunuliwa viatu. Tulipanda tangu alfajiri, nikachoka, nikakaa chini mara nyingi mno, na tulipofika mahali ambapo nundu zote mbili zinaonekana, nikaona na miguu ya kibao, baba akatazama saa. Ilikuwa saa saba. Ilibaki mwendo wa dakika ishirini, nami nililia, nikamshika suruali, nikamwambia baba dakika ishirini tu. Aligeuka. Nilishuka nyuma yake bila kusema neno, na kwa kweli neno lenyewe sijalisema hadi leo. Tangu hapo sikukanyaga njia ile tena. Nikajifunza kuandika vibao.

Wiki ya sita ilipofika, barua ikaja kutoka makao makuu. Kulikuwa na malalamiko kwamba ramani mpya inaonyesha kilele kando ya choo. Kibao kirudishwe mlimani Ijumaa saa tatu asubuhi, kikiwa kimekauka au hakijakauka. Mkuu aliisoma kwa kunong'ona, kama kanuni inavyotaka. Nilikimbia nyumbani nikamwambia baba kwamba kesho, Alhamisi, ndiyo siku ya mwisho. Hadi hapo alikuwa hajavuka mguu wa ngazi za ofisi.

"Basi kesho tunapanda," akasema, akaomba viatu vyake vipakwe dawa.

Waliondoka saa tatu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ya shule ilikuwa tope, wakapoteza muda mwingi kwa fundi nguo wakisubiri shangazi akwangue soli. Kwenye kalavati baba alipumzika kuliko mpango. Nilipowaona wanatokeza uwanjani ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Sote tulitoka: karani, Mkuu, wageni watatu waliokuwa wamekuja kupiga picha. Hakuna aliyepiga makofi, maana hairuhusiwi. Baba akashika reli ya ngazi. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alisimama akapumua kwa dakika tano. Ya nne. Shangazi alikuwa ameacha kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Ya tano. Ya sita. Nilikuwa nimesimama juu mlangoni, naona jasho kwenye nyusi zake, hatua tatu kati yetu, na nyuma yangu kibao chenyewe, mlango wazi, anakiona.

Saa ya ukutani ikagonga saa saba.

Baba alitazama saa yake ya mkononi kuhakikisha. Halafu akabadilisha mkono kwenye reli, akaanza kugeuka.

Nilisahau kanuni ya miamba nikapaza sauti mbele ya wakubwa na wageni. "Baba, ngazi tatu! Tatu tu! Kesho hakipo!"

"Saa saba," akasema.

"Nani aliyekuwekea hiyo saa saba? Ni ngazi za ofisi, baba. Hakuna wingu."

Alisimama akiwa amenipa mgongo. "Nilimgeuza mtoto wangu zimebaki dakika ishirini," akasema. "Sasa mimi nitajipa ngazi tatu kwa sura gani?"

Akashuka. Mkuu, karibu yangu, alivua kofia. Mimi niliingia karakana nikafunga mlango, nikalia hadi nusu saa yangu ikaisha, nikaendelea kulia kinyume cha kanuni. Miaka ishirini na sita nilidhani amesahau. Nilidhani kwake nilikuwa mgeni mmoja kati ya wale wengi aliowageuza. Kabla ya kufunga ofisi nilichukua brashi nikapaka kibao kizima, mara ya mwisho, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Ijumaa sikwenda kazini. Baba alikaa kwenye kiti chake, sebuleni, ametazama ukuta, na nilipomuuliza kama atatembea aliniambia aelekee wapi. Nikajua hapo tumekwisha. Shangazi alikuwa jikoni anagongagonga sufuria zisizo na chochote.

Saa tatu na robo nikasikia miguu barabarani. Wapagazi wanne walikuwa wamebeba kilele mabegani, ubao umelala chali, na nyuma yao Mkuu mwenyewe, daftari la kileleni kichwani, kwa kuwa kanuni inasema daftari halitengani na kilele. Nyuma ya Mkuu karani, anapanda mara ya mwisho. Kutoka ofisini kwenda msituni hakuna njia nyingine, lazima upite kwetu. Walipofika langoni mpagazi wa mbele alisoma kibao changu. KILA MZIGO LAZIMA UPUMZISHWE HAPA. Akamtazama Mkuu. Mkuu naye akasoma, neno kwa neno, akakubali kwa kichwa. Wakakisimamisha kibao chini, miguu yake miwili kwenye vumbi la Kambi ya Kwanza, wakaketi kwenye benchi.

Nilirudi ndani mbio. Nikasema, "Baba, kilele kiko langoni."

Aliangalia saa. "Saa tatu na dakika kumi na nane," akasema. Akanyoosha mkono, nikampa fimbo, akainuka.

Hatua arobaini na moja alikuwa amezizoea, alikwenda nazo bila kusimama. Mkuu alipomwona anakuja aliwaamuru wapagazi wasiinuke. Lakini zilipobaki hatua tatu baba alisimama. Nilidhani nyonga. Akageuka akanitafuta kwa macho, mimi niliyebaki mlangoni nimeshika fremu kama alivyoishika yeye siku ya kwanza.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Muda bado tunao."

Nilikwenda. Sikumbuki hizo hatua. Nakumbuka aliningoja, akanishika mkono, tukamalizia zile tatu pamoja, naye akaweka kiganja kwenye ubao na mimi nikaweka changu kando. Rangi ilikuwa mbichi. Karani alitusogezea daftari, tukatia saini moja chini ya nyingine. Mkuu alitupa mkono na kutuambia, kwa sauti ya chini, kwamba tuna nusu saa. Hatukuimaliza. Wapagazi waliinua mzigo wao wakaondoka, na alama za viganja vyetu viwili zikiwa kwenye kijani chini ya herufi, na hakuna aliyeniagiza nizifute.

Baba alitazama hadi walipopinda kona ya msitu. Nilitaka kumwambia neno lile la miaka ishirini na sita, lakini nilipolitafuta sikulikuta.

"Haya, tushuke," akasema. "Watu huanguka wakati wa kushuka. Usiniachie mkono."

Tukashuka hatua arobaini na moja, yeye mbele, mimi nyuma yake, mkono wake nimeushika. Shangazi alikuwa mlangoni na chai. Baba alikunywa kikombe chote akiwa amesimama, halafu akaniuliza kutoka hapa hadi lango la msitu ni umbali gani, na kama njia ni moja au ni zaidi.